Mpakani wanahesabu mizigo, nyumbani wanahesabu sahani

Arua Park, katikati ya jiji la Kampala, haina bustani wala nyasi kama jina lake linavyoweza kumdanganya mgeni. Ni mahali pa mabasi na maduka, na jioni ikikaribia utakuta vijana wamepanda juu ya paa la basi wakifunga magodoro, mabeseni, katoni za sabuni na mifuko ya ndala, huku chini wenye mali wakipiga kelele kamba ikazwe vizuri. Kwa miaka mingi hapa ndipo mzigo wa Kikuubo umekuwa ukigeuka kuwa mzigo wa Arua, Koboko, Ariwara na Juba. Kiswahili unachokisikia hapa ni cha kila aina, cha Kongo, cha Sudan, cha jeshini na cha watu kama mimi tuliozaliwa uhamishoni.

Nilikuwa nimesimama kando ya basi nikizungumza na mama mmoja wa makamo ambaye hununua vyombo vya plastiki Kampala, akaviuza soko la Ariwara upande wa Kongo, kisha akarudi na vitenge. Kazi hiyo ameifanya tangu watoto wake wakiwa wadogo, na sasa ana wajukuu. Alipojua kwamba mimi ni mwandishi, akanitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa na swali lake la siku nyingi.

"Mwandishi, redio ilisema umaskini Uganda umeshuka mpaka asilimia 16. Mimi nimo katika hiyo 16 au nimo katika hao waliobaki? Maana sijaona mtu aliyekuja kuniuliza."

Nilitaka kumjibu haraka haraka. Nikakuta sina jibu, nikamwambia, "Mama, nipe siku chache."

Asilimia aliyoisikia ni ya kweli kwa maana ya kwamba imechapishwa. Kwa mujibu wa Ofisi ya Takwimu ya Uganda, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha UBOS, utafiti wa kaya wa mwaka 2023/24 ulikuta asilimia 16.1 ya wananchi wakiishi chini ya mstari wa umaskini. Hao ni watu wapatao milioni 7. Mwaka 1992/93, utafiti wa kwanza mkubwa wa aina hiyo ulipofanyika, ilikuwa asilimia 56.4. Ukizitazama namba hizo mbili peke yake, utasema nchi imepiga hatua kubwa, na mimi sibishi kwamba imepiga hatua. Nauliza tu jinsi hatua yenyewe ilivyopimwa, na kama futi iliyotumika inamfikia mtu ambaye maisha yake yako barabarani.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Nchi imegawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia watu, yale yale yanayotumika kwenye sensa. UBOS huchagua baadhi ya maeneo hayo kwa bahati nasibu, huorodhesha kaya zilizomo, kisha kutoka kwenye orodha hiyo huchagua chache, kwa kawaida kumi hivi. Kwa nchi nzima zinapatikana kaya elfu kumi na kitu. Mwaka 2016/17 zilizidi 15,000. Kwa hiyo mama wa Arua Park hakuonewa kwa kutokuulizwa. Wengi wetu hatutaulizwa maisha yetu yote, na hesabu inaweza kuwa nzuri bila sisi, kama vile mpishi anavyoonja mchuzi kwa kijiko kimoja bila kumaliza sufuria.

Mdadisi akifika hakuulizi "Wewe ni maskini?" Wala haamini sana ukimtajia mshahara, kwa sababu wengi hatuna mshahara, na mwenye duka hajui mwezi huu amepata ngapi mpaka auze mzigo uliobaki. Anauliza mlikula nini katika siku saba zilizopita, mlinunua kiasi gani, mlivuna kiasi gani shambani kwenu, mlipewa kiasi gani. Halafu anauliza mlivyotumia kwa mwezi mmoja, kama sabuni, nauli na kodi ya nyumba, na kwa mwaka mzima, kama nguo na vyombo. Vyote hugeuzwa kuwa shilingi na kugawanywa kwa watu wa kaya, mtoto akihesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima. Kiasi kinachopatikana hulinganishwa na mstari.

Mimi niliulizwa. Ni miaka kadhaa sasa, nikiwa nimepanga chumba na sebule Namuwongo, karibu na reli. Mdadisi alikuwa binti mpole, mwenye begi na mwavuli. Akaketi kwenye kiti changu kimoja kizuri. Mlango ulikuwa wazi na majirani walikuwa wanaanua nguo taratibu kuliko kawaida. Akaniuliza tulikula nyama mara ngapi katika siku saba. Tulikuwa hatujala. Mwezi ule nilikuwa sijalipwa. Nikasema mara mbili, na nikamtajia na bei, kwa sababu bei nilikuwa naijua vizuri. Kila siku nilikuwa napita buchani nikiisoma. Mke wangu aliinamisha kichwa. Binti wa watu akaandika.

Sijui ni kaya ngapi zilifanya kama mimi siku hiyo. Najua zipo nyingine zilizofanya kinyume, zilizoficha ng'ombe na kodi za nyumba za kupangisha kwa kuhofia kwamba nyuma ya mdadisi anakuja mtu wa ushuru. Watu wa takwimu wanajua tunasema uongo. Ndiyo maana wanauliza jambo moja kwa njia tatu, na ndiyo maana siku hizi hutumia tableti ambayo hukataa jibu lisiloingia akilini hapo hapo mdadisi akiwa bado ameketi mlangoni kwako. Lakini nyama mara mbili kwa wiki ni jibu linaloingia akilini. Lilipita.

Tatizo jingine ni vipimo. Mganda hanunui ndizi kwa kilo. Ananunua mkungu, na mkungu wa Mbarara si mkungu wa Mukono. Nyanya huuzwa kwa fungu, unga kwa kikombe tunachokiita tumpeko, mihogo kwa gunia ambalo mwenye nguvu hulishindilia mpaka linasimama kama mtu. Kila fungu lazima ligeuzwe kuwa gramu ndipo lihesabiwe. Ukikosea kidogo tu uzito wa fungu moja la matoke katika mkoa mmoja, umewashibisha au umewalaza na njaa watu maelfu kwenye karatasi.

Mstari wenyewe nao una historia yake. Wataalamu walichukua vyakula 28 vilivyokuwa vinaliwa zaidi na kaya za hali ya chini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapiga gharama ya kumpatia mtu mzima kalori 3,000 kwa siku kwa vyakula hivyo, wakaongeza kidogo kwa mahitaji mengine. Mstari huo ulipandishwa kufuata bei, lakini kapu lilibaki lile la zamani. Ni kapu la kabla ya simu ya mkononi. Ni kapu la kabla ya elimu ya msingi ya bure ya mwaka 1997, wakati mzazi hakuwa akifikiria karo ya sekondari ya watoto watano kwa pamoja. UBOS ilikuja kuliona hilo, ikatengeneza mstari mpya wa juu zaidi. Matokeo yake ni ya kushangaza. Kwa utafiti ule ule wa 2019/20, kaya zile zile na majibu yale yale, mstari wa zamani ulitoa asilimia 20.3 ya maskini na mstari mpya ukatoa asilimia 30.1. Mtu mmoja kati ya kumi aliingia katika umaskini bila kupoteza hata shilingi.

Nawaambia hili hasa wasomaji wa Busia na Malaba, kwa sababu nimesikia ubishi huko. Mkenya husema Uganda wanatudanganya, iweje umaskini wao uwe asilimia 21.4 mwaka 2016/17 na wetu uwe 36.1 mwaka 2015/16, wakati sokoni tunawaona? Kila nchi ina mstari wake na kapu lake, na namba hizo haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Benki ya Dunia ilipotumia mstari mmoja kwa wote, wa dola 2.15 kwa siku, Uganda ilizidi asilimia 40 na Kenya ikawa chini yake. Ubishi wa Busia uliisha kwa upande mwingine kabisa.

Hiyo 21.4 ina kisa chake. Mwezi Septemba 2017 UBOS ilitangaza kwamba umaskini umepanda kutoka asilimia 19.7 ya mwaka 2012/13 hadi asilimia 27, yaani watu milioni 10. Ulikuwa mwaka wa ukame, na viwavijeshi walikuwa wameingia kwenye mahindi, kwa hiyo wananchi wengi hawakushangaa. Wanasiasa walishangaa. Baadaye hesabu zilipitiwa upya, na ripoti kamili ilipotoka mwaka uliofuata, 27 ilikuwa imekuwa 21.4, na watu milioni 10 wamekuwa milioni 8. Inawezekana kabisa kwamba hesabu ya pili ndiyo sahihi. Namba ya awali ni ya awali. Lakini mwananchi wa kawaida hakuelezwa kwa lugha anayoielewa wale milioni 2 walikwenda wapi, na tangu hapo kila asilimia inayotangazwa kuna mtu atakayeguna. Imani ya watu katika takwimu ni kama mtaji wa duka. Ukishauharibu, kuurudisha ni kazi ya miaka.

Sasa nije kwa waliorudi.

Baba yangu alivuka Mutukula mwaka 1973 akiukimbia utawala wa Amin, mimi nikazaliwa Bukoba, na mwaka 1979 tukarudi. Kwa hiyo neno "kurudi" nalijua. Lakini waliorudi wengi zaidi katika nchi hii hawakutoka ng'ambo. Walitoka makambini, ndani ya Uganda yenyewe. Vita vya Kony viliwafungia watu wa Acholi, Lango na Teso katika kambi, na ilipofika mwaka 2005 waliokuwa wamehama makwao walikuwa karibu milioni 1.8.

Nikichimba ripoti za zamani nilikuta jambo ambalo lilinikalisha kitini. Utafiti wa kaya wa 1999/2000, ule uliotangaza kwa furaha kwamba umaskini umeshuka hadi takriban asilimia 34, haukufika Gulu, Kitgum, Kasese wala Bundibugyo, kwa sababu ya usalama. Wa 2002/03 nao haukufika Pader na sehemu nyingine za kaskazini. Ripoti zenyewe hazikuficha. Limeandikwa wazi kwenye kurasa za mwanzo. Lakini namba ikishatoka kwenye ripoti na kupanda jukwaani, maelezo hayo hayapandi nayo. Mtu aliyekuwa Pabbo au Awer akingoja gari la chakula cha msaada alisikia redioni kwamba nchi inatajirika. Hakuwa katika wale asilimia 34, wala hakuwa katika wale 66. Hakuwamo.

Utafiti wa 2005/06 ndio uliofika wilaya zote, makambini pia. Ulikuta asilimia 60.7 ya watu wa kaskazini ni maskini, wakati taifa zima lilikuwa 31.1. Baadaye watu walipoanza kurudi vijijini na kulima, ule wa 2009/10 ulikuta kaskazini imeshuka hadi 46.2. Hapo takwimu ilifanya kazi yake, ilionyesha jinsi jembe la mtu aliyerudi kwake lilivyo na thamani. Lakini haikwenda moja kwa moja. Mwaka 2019/20 Acholi ilirudi juu hadi kama asilimia 68, mara mbili ya ilivyokuwa miaka mitatu nyuma, huku Kampala ikiwa chini ya asilimia 3. Utafiti huo ulikatizwa katikati na korona. Kaya zilizohojiwa kabla ya Machi 2020 zilionyesha umaskini wa asilimia 18.7, na zilizohojiwa baada ya kazi kuendelea zikaonyesha 21.9.

Kitu kimoja ambacho UBOS wamekifanya vizuri, na hakisemwi sana, ni kuzirudia kaya zile zile. Tangu mwaka 2009/10 kuna kaya zipatazo 3,200 ambazo hufuatwa kila baada ya muda, na mwanafamilia akihama baadhi yao hufuatwa huko alikokwenda. Hapo ndipo unapojua kwamba wale asilimia 20 wa mwaka huu si lazima wawe wale wale wa mwaka jana. Mmoja ametoka kwa sababu binti yake ameanza kutuma fedha kutoka Dubai. Mwingine ameingia kwa sababu mume ameugua na mbuzi wameuzwa. Kwa mfanyabiashara hili si jambo geni. Kontena likikaa mpakani wiki tatu, umeshuka daraja bila kuulizwa.

Na mpakani nako kuna hesabu. Tangu mwaka 2005 UBOS na Benki Kuu ya Uganda huweka watu kwenye vituo vya mpaka, Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe, Bunagana na vinginevyo, kuandika biashara isiyopita kwenye fomu za forodha. Huketi kwa siku kadhaa za mwezi wakiangalia nani amevuka na nini, kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na pale Busia hata kwa viti vya magurudumu vya walemavu, ambavyo kwa miaka mingi vilibeba mzigo kuliko magari mengine. Kisha hukisia mwezi mzima. Mwaka wa kwanza walikuta bidhaa za takriban dola milioni 200 zimetoka nchini kwa njia hiyo. Mwaka 2008, Juba ikiwa imefunguka baada ya amani ya 2005, zilizidi dola bilioni 1.3, wakati mauzo rasmi ya nchi nzima yalikuwa dola bilioni 1.7. Kwa maneno mengine, wale mama wa mabeseni walikuwa wanakaribia kahawa, samaki, chai na vyote vilivyo kwenye vitabu vya serikali.

Hapa ndipo swali la mama wa Arua Park linapouma. Hesabu ya mpakani inajua mzigo wake lakini haijui kwake. Hesabu ya nyumbani ikibahatika kufika kwake inajua sahani yake lakini haijui mzigo. Mbili hizo hazikutani. Nchi inaweza kukwambia mabeseni yaliyovuka ni ya dola ngapi, na inaweza kukwambia ni wangapi wanalala chini ya mstari West Nile, lakini haiwezi kukwambia kama anayebeba mabeseni hayo ni mmoja wao. Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa malori, aliyekuwa na lori aliendelea na aliyekuwa anavuka kwa miguu akakaa nyumbani kula mtaji. Hakuna daftari moja lililoweza kuwaonyesha hao wawili wakiwa pamoja.

Upande wa pili wa jambo hili ni wenye nacho. Tofauti ya kipato hupimwa kwa kigezo cha Gini, ambapo sifuri maana yake wote tuko sawa na moja maana yake mtu mmoja amechukua kila kitu. Uganda ilikuwa 0.413 mwaka 2019/20, ikashuka hadi 0.382 mwaka 2023/24. Ni habari njema kama ni kweli, na sina sababu ya kusema si kweli. Ila mdadisi aliyefika kwangu Namuwongo aligonga mlango uliokuwa wazi. Apande kilima aende Kololo, atakutana na geti, mlinzi na mbwa, na mwenye nyumba ama yuko safarini ama amelala. Hata akifunguliwa, atamwuliza alikula nini kwa siku saba, na tajiri hali mara kumi ya maskini. Anajenga jengo la ghorofa, ananunua ardhi Wakiso, anapeleka mtoto kusoma nje. Hesabu ya chakula hukamata umaskini vizuri kuliko inavyokamata utajiri.

Mtu anaweza kuniuliza, yote haya yanaongeza nini kwenye kibaba? Yanaongeza. Tangu Februari 2022 serikali imekuwa ikitekeleza Mpango wa Maendeleo ya Parishi, shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, parishi zaidi ya 10,000, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja. Mpango wenyewe ulizaliwa kutoka kwenye takwimu, kwamba asilimia 39 ya kaya bado zinaishi kwa kula zinachokilima tu. Lakini fedha ikagawanywa sawa kwa sawa, parishi ya Karamoja na parishi ya Kampala zikipata kiasi kile kile, yenye watu wengi na yenye watu wachache. Tulihesabu maskini kwa miaka thelathini tukajua wako wapi, kisha siku ya kugawa tukagawa kama pipi za sikukuu. Na mama wetu, ambaye wiki mbili yuko Ariwara na siku nne yuko Kampala, hajui mkutano wa parishi yake ulikaa lini.

Nilimkuta tena Arua Park siku ya Ijumaa, safari hii na mabeseni ya bluu. Nikamweleza kwa kifupi: kwamba kwa mstari wa zamani sidhani kama yumo, kwa mstari mpya huenda akawamo miezi fulani, na kwamba hakuna karatasi inayomjua yeye na mzigo wake kwa pamoja. Alisikiliza huku jicho likiwa juu ya paa la basi.

"Na huyo mdadisi akija," akaniuliza, "nimwambie nilichokula nyumbani au nilichokula njiani?"

"Watauliza vyote viwili, mama."

"Njiani nakula mandazi mawili na maji. Nyumbani wajukuu wanakula kuku niliyewaletea." Akafungua kibegi chake, akatoa noti za utingo, akazihesabu mara mbili. "Basi aje siku nikiwa nyumbani. Ila hiyo siku yenyewe hata mimi siijui."

Utingo akapiga bodi ya basi kwa kiganja, naye akapanda.